Apolo Kivebulaya, mwalimu wa Boga



Katika gazeti letu tumezoea kuandika maisha ya watu wakubwa. Tulikwisha kusoma ya Luther, ya Wesley, ya Livingstone, na wengine wa mbali. Ni vizuri. Lakini siku moja kijana mmoja wa darasa la pili aliniuliza kama Mungu hakuwa na watu wakubwa upande huu wetu wa Ituri, na mimi mkubwa wa wanafunzi nikakosa jibu la haraka. Niliona haya. Ndiyo maana mara hii naandika juu ya Apolo Kivebulaya. Wenzetu Waanglikana wanamjua tangu utoto. Sisi wengine, wa CECA na wa jumuiya zingine, tunasikia jina tu, sawa jina la kapela ao la shule, bila kujua mtu mwenyewe alifanya nini. Kuna sababu ya pili pia, nitaisema mbele kidogo.

Alizaliwa karibu mwaka 1864 katika kijiji cha Kiwanda, upande wa Singo, katika ufalme wa Buganda. Baba yake aliitwa Kisawuzi na mama yake Singabadda. Wakampa jina Waswa, ndilo jina ambalo Waganda wanampa mtoto mwanamume aliyetangulia kutoka kati ya mapacha. Majina ya Apolo na Kivebulaya yalikuja nyuma.

Utoto na ujana wake ulikuwa wakati wa machafuko makubwa. Wafanya biashara Waislamu wa pwani walikwisha kufika Buganda mbele ya wote. Mwaka 1877 wakafika wamisionari Waprotestanti kutoka Uingereza, na mwaka 1879 mapadri Wakatoliki kutoka Ufaransa. Mfalme Mutesa aliwasikiliza wote, leo hawa, kesho wale. Alipokufa mwaka 1884, mwana wake Mwanga alishika kiti, na mwaka 1886 vijana wakristo wengi, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja, walichomwa moto pale Namugongo. Miaka miwili nyuma yake Mwanga mwenyewe alifukuzwa, na vita vya dini vikawaka inchi nzima.

Sasa, huyu Waswa alikuwa wapi? Tusidhani kama alikuwa kati ya wale vijana wa Namugongo. Hapana. Alisoma kwanza kwa Waislamu, na vita vilipoanza alishika silaha upande wao. Alivuta bangi. Alikuwa katika kundi la watu wanaonyang'anya ng'ombe na mali za wengine. Alikuwa amekwisha kusikia mafundisho ya Alexander Mackay, yule fundi Mskoti aliyechapa karatasi za kusoma kwa mashini yake, na maneno yale yalibaki ndani yake kama mbegu katika udongo mkavu. Lakini kwa wakati ule alibaki mtu wa bunduki. Baadaye aliacha jeshi la Waislamu, akaja upande wa Waprotestanti, na bado alikuwa askari tu: alitumika katika safari za askari mpaka upande wa Toro, karibu na milima ya Ruwenzori. Nasema haya bila kuficha sababu masimulizi ya maisha yake hayafichi. Mara nyingi tunaandika maisha ya watu wa Mungu sawa vile walizaliwa na Biblia mkononi.

Kuokoka kwake hakukuwa kwa siku moja. Alianza kusoma. Neno hili la kusoma tulishike vizuri, sababu katika Kanisa la Uganda wakati ule mtu aliyetaka ubatizo hakuulizwa tu kama anaamini. Aliwekwa mbele ya karatasi ya alfabeti, akajifunza herufi, kisha silabi, kisha akasoma Injili mwenyewe kwa macho yake. Wakristo waliitwa wasomaji. Katika Kiganda na katika Kinyoro neno la kusoma lilishika hata maana ya kwenda kanisani kusali. Mzee mwenye ndevu nyeupe na mtoto wa miaka minane walikaa pamoja juu ya majani, wakisoma karatasi moja. Na mara nyingi yule mtoto ndiye alimshinda mzee.

Waswa alibatizwa mwezi wa Januari 1895. Alikuwa mtu mzima wa miaka karibu 30. Akachagua jina la Apolo. Mwenye kusoma Matendo ya Mitume sura ya 18 atakumbuka Apolo yule wa Alexandria: mtu wa moto, mwenye kujua Maandiko, lakini alijua ubatizo wa Yohana tu, mpaka Prisila na Akila walipomchukua nyumbani kwao na kumfundisha vizuri zaidi. Na Prisila na Akila walikuwa nani? Hawakuwa makasisi, walikuwa mume na mke washona hema. Sijui kama Waswa alifikiri yote haya alipochagua lile jina. Lakini lilimfaa kabisa.

Jina la pili walimpa watu. Katika Kiganda maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Alikuwa na koti la Kizungu, koti la kiaskari, akalivaa pamoja na kanzu yake nyeupe, na watu wakacheka, wakamwita hivyo. Koti lilichakaa, jina likabaki. Hii ni ajabu ya kuchekesha kidogo: mtu ambaye kanisa lake huku Boga lilijengwa bila Mzungu hata mmoja kukaa pale, ndiye anaitwa mtu wa kutoka Ulaya!

Sasa tuone kazi ilivyopangwa, maana bila kuelewa hiyo hatutaelewa Boga. Mwisho wa mwaka 1893 kulikuwa uamsho katika Kanisa la Uganda. Mwingereza George Pilkington, yule aliyesimamia kutafsiri Biblia ya Kiganda iliyomalizika 1896, alikuwa mmoja wa walioanza nao. Askofu Alfred Tucker alikuwa na makasisi wachache sana, na inchi ilikuwa kubwa. Hawakungoja wamisionari wengi wafike kwa mashua. Walichagua wakristo wa kawaida, waume kwa wake, waliojua kusoma Injili na wenye mwenendo mzuri, wakawaombea, wakawatuma kama walimu. Watu hawa walisimamisha nyumba za majani, wakafundisha kusoma, wakaongoza sala za asubuhi na jioni, wakazika wafu, wakatembelea wagonjwa. Ubatizo na Meza ya Bwana walimngojea kasisi. Yote mengine ilikuwa kazi yao. Kisha muda kwa muda walirudi kwenye misioni kufundishwa tena wao wenyewe, wakaenda tena.

Apolo alikuwa mmoja wao. Mwaka ule ule wa ubatizo wake alitumwa Toro, kwa mfalme Kasagama, aliyebatizwa mwaka uliofuata kwa jina la Daudi. Fikirini: mtu amebatizwa mwezi wa kwanza, na mbele ya mwaka kuisha yeye ni mwalimu katika inchi ya kigeni, kwa lugha isiyo yake. Sisi tunasema hatuwezi kufundisha katekisimu mpaka tupate diploma.

Upande wa magharibi wa Toro, ukiisha kupita ncha ya Ruwenzori, unashuka bonde la joto kali ambamo mto Semliki unapita kwenda Ziwa Albert. Ukivuka mto, unapanda ukingo wa milima ya upande wetu, na huko juu ndiko Boga, penye Wahema, na jirani zao Wangiti, na nyuma yao pori kubwa la Ituri. Chefu wa Boga aliitwa Tabaro, na wakati ule alihesabiwa kuwa chini ya mfalme wa Toro. Walimu wawili Waganda walikwisha kutumwa huko mwaka 1896, Petero Nsugba na Sedulaka Makwata. Walirudi. Chefu alikuwa amechoka nao, akakataza watu kuwauzia chakula, na njaa ikawashinda. Mimi siwacheki hata kidogo. Aliyekwisha kulala njaa interna mwisho wa muhula, wakati unga umeisha ghalani, anajua kama imani na tumbo vinakaa nyumba moja.

Mwisho wa mwaka ule akaulizwa nani atakwenda, na Apolo akakubali. Hapa ndipo masimulizi yote ya maisha yake yanasimama kidogo, na mimi nasimama pia: mbele ya kushika njia alinunua jembe. Hakununua nguo nyingine, wala kitanda. Aliona wazi kama walimu wale wawili hawakushindwa na shetani wa mizimu, walishindwa na ukosefu wa makemba. Basi akavuka Semliki na Injili na jembe. Alipofika Boga akaomba kipande cha udongo, akalima, akapanda, na Tabaro hakupata kamba ya kumfunga nayo. Mwenye shamba lake hangojei ruhusa ya chefu kwa kula.

Watu wakaanza kuja kusoma. Kwanza vijana, kama kawaida. Apolo aliwafundisha kusoma, na alifundisha wazi juu ya ulevi wa pombe na juu ya kuoa wake wengi, na maneno hayo hayakupendeza nyumbani kwa chefu. Wazee wa Boga walisimulia kama Tabaro aliamuru nyumba ya kusali ichomwe moto, na mwalimu apigwe. Alipigwa kweli kweli, mpaka waliompiga walidhani amekufa, wakamwacha majanini. Mwanamke mmoja alimkuta akipumua bado, akamtunza kwa siri mpaka akapona. Jina la mwanamke huyu masimulizi niliyosikia hayakulishika. Ni huzuni, maana bila yeye leo nisingekuwa na kitu cha kuandika.

Kisha ikaja taabu iliyo mbaya zaidi ya fimbo. Watu walikuwa wakitengeneza mahali pa Apolo, na dada ya Tabaro alikuwa kati yao. Kulikuwa mkuki umefichwa majanini, mwanamke akauangukia, ukamchoma, akafa. Ilikuwa bahati mbaya tu. Lakini chefu alikuwa ametafuta neno, na sasa neno limekuja lenyewe mlangoni. Apolo akashitakiwa kama muuaji. Wakamfunga, wakamvusha Semliki kurudi Toro mpaka ngome ya Waingereza, ile iliyokuja kuitwa Fort Portal baadaye, wakamtia gerezani pamoja na waovu. Wenye kumtuma hawakuweza kumsaidia mara moja, na katika macho ya watu wa Boga mwalimu wa dini mpya alikuwa mwuaji wa mwanamke.

Ni katika majira ya mateso yale, kama yeye mwenyewe alivyosimulia baadaye mara nyingi, aliona Bwana Yesu katika ndoto ya usiku, katika umbo la mtu, aking'aa kama jua, akamwambia ajipe moyo maana yuko pamoja naye. Wengine watauliza kama ni kweli ao ni maono ya mtu aliyepigwa. Mwalimu wetu mmoja aliwahi kutubishanisha darasani juu ya jambo hili saa nzima. Mimi naandika tu lile lililofuata: tangu siku ile, kufuatana na maneno yake mwenyewe, alipohubiri watu walimsikiliza namna nyingine, na yeye hakuogopa tena. Alipohukumiwa ilionekana hana kosa, akaachiliwa.

Na alirudi Boga. Akapita tena mbele ya nyumba ya Tabaro. Chefu alishangaa sana, akauliza mtu huyu anatafuta nini ambacho hakikumalizwa na fimbo wala gereza. Mwisho wake Tabaro mwenyewe alikaa chini kujifunza alfabeti, akabatizwa kwa jina la Paulo. Ndiyo, jina la mtesaji aliyegeuka. Watu wa Boga walijua kuchagua majina.

Naomba mwone jambo moja hapa. Haya yote, jembe, kupigwa, gereza, chefu kuokoka, wakristo wa kwanza wa Boga, yalitokea wakati Apolo hakuwa kasisi. Hakuwa hata shemasi. Alikuwa mkristo wa kawaida aliyefundishwa kidogo na kutumwa. Aliwekewa mikono kuwa shemasi mwezi wa Desemba 1900, na kuwa kasisi mwaka 1903, na Askofu Tucker. Kanisa la Anglikana katika Kongo lilizaliwa kwa mikono ya mlei, kisha makasisi wakafuata.

Ndiyo ile sababu ya pili niliyoahidi. Mwaka huu mzee mmoja katekista, anayefundisha watu wazima kusoma na kuwatayarisha kwa ubatizo kila Jumamosi katika kapela karibu na shule, alikuja kutuomba sisi wa darasa la sita tumsaidie. Macho yake yanaanza kushindwa. Wanafunzi wake ni mama wauza sombe, baba wafyatua matofali, na nyanya mmoja anayetaka kusoma Zaburi mbele ya kufa. Tulijibu nini? Tulisema tuna Egzeta. Mimi ndiye niliyesema, kwa jina la wote, na kwa maneno mazuri sana. Mzee akatushukuru (ndiyo iliyoniumiza) akaenda zake. Usiku ule nilikuwa nasoma juu ya Apolo kwa ajili ya gazeti hili, nikafika kwenye jembe, nikafunga kaye. Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Sikuwa mwalimu mzuri. Nyanya aliniambia nasema mbio sana. Sasa tuko watatu tunaokwenda, na nafasi iko bado kwa wengine, pia kwa wa darasa la tano wasio na kisingizio cha Egzeta.

Turudi kwa mzee wetu. Miaka iliyofuata nitaipita upesi. Alirudishwa Toro na kutumwa huku na huku katika vijiji vyake. Hakuoa: aliyekuwa amemposa alikufa, na nyuma yake alikata shauri kubaki peke yake kwa ajili ya kazi. Hii haikuwa kawaida kabisa kwa Mganda, wala kwa mchungaji Mprotestanti. Lakini nyumba yake haikuwa tupu hata siku moja. Ilijaa watoto, yatima wengine, waliokula kwake, wakalima naye na kusoma kwake.

Wakati huo Wazungu walikuwa wakikata mipaka. Waingereza na Wabelgiji walipatana mwaka 1910, na Boga, iliyohesabiwa kwanza upande wa Uganda, ikajikuta katika Kongo ya Wabelgiji. Mto ule ule, lakini sasa serikali mbili. Apolo angeweza kusema kazi ya huko imekwisha, si inchi yetu tena. Mwaka 1915 alivuka Semliki mara nyingine, sasa yeye ni kasisi wa miaka zaidi ya 50, na akakaa Boga mpaka kufa. Maaskofu wake walikuwa Uganda. Hakuna mmisionari Mzungu wa kanisa lake aliyekaa Boga wakati wa uhai wake. Kasisi alikuwa yeye, na inchi ile ilikuwa ya mteremko, ya mabonde, na ya pori.

Mtu mmoja atafanya nini? Alifanya lile alilofanyiwa. Alichagua vijana, na wasichana pia, akawafundisha nyumbani kwake. Kusoma kulikuwa katika Kinyoro, ambacho Wahema wa Boga walikielewa vizuri, na Biblia nzima katika lugha ile ilitoka mwaka 1912. Kwa wengine, Wangiti na watu wa pori, Kinyoro kilikuwa mzigo. Hii nasema kama hukumu yangu mwenyewe: hapo kulikuwa upungufu, na kanisa lile lilikawia kwa sababu yake mpaka Kiswahili kilipopata nafasi. Lakini namna ya kufundisha ilikuwa nzuri. Kijana hakufundishwa darasani tu. Alimwona mwalimu akilima asubuhi, akisali, akiwapokea wageni, akiamua ugomvi wa majirani, akimwosha mgonjwa. Kisha alipewa kitabu na jembe, akatumwa kijiji kimoja, mbali na mama yake. Baada ya muda alirudi Boga kutoa habari, kukemewa pale alipokosa, kufundishwa zaidi, akatumwa tena. Kati ya wainjilisti wa Boga kulikuwa wanawake, kama Damari Ngaju na Basimasi Kyakuhaire, na majina yao kanisa lile linayakumbuka bado. Apolo mwenyewe aliandika mambo ya siku zake katika daftari, kwa Kiganda, mwaka kwa mwaka: alikokwenda, aliyebatizwa, aliyekufa. Mtu aliyejifunza kuandika akiwa mkubwa anaheshimu kalamu kuliko sisi.

Na zaidi ya vijiji kulikuwa pori. Tangu mwaka 1921 alianza kuingia kwa Wambuti. Alisema kama katika maono mengine Bwana alimtuma huko. Wakati ule watu wengi wa vijiji walifikiri Mbuti ni mtu wa kuleta nyama na kupewa ndizi tu, basi. Kumkalisha chini kumfundisha herufi kulionekana kama mchezo. (Tuseme ukweli, kuna watu wenye mawazo hayo bado, hata ndani ya shule zetu.) Tena ilikuwa kazi ngumu kwa yenyewe. Wambuti hawakukaa mahali pamoja. Leo kambi ya vibanda vya majani iko hapa, wiki ijayo wamehama kufuata nyama na asali, na mwalimu anakuta moto uliozimika. Apolo na vijana wake waliwafuata. Walikaa nao kambini, wakala walichokula wao, wakafundisha kidogo kidogo, wakaanza tena. Alihangaika pia kutafsiri Injili ya Marko katika lugha yao, yeye mwenyewe akiwa mgeni wa ile lugha. Mbele ya kufa kwake Wambuti wamoja walikuwa wamebatizwa na kuketi kanisani pamoja na Wahema, na jambo hili la kuketi pamoja lilishangaza watu kuliko ubatizo wenyewe.

Habari zake zilifika mbali. Mmisionari A. B. Lloyd aliandika vitabu juu yake vilivyosomwa Uingereza, na mwaka 1922 alipewa cheo cha kanoni katika kanisa kuu la Namirembe. Alikubali cheo, akarudi Boga. Mshahara wake kidogo uliishia kwa wengine, kama siku zote. Kitabu cha Wazungu kilimfanya aonekane kama mtu wa hadithi ya pori na watu wafupi, na mimi napenda zaidi yule wa jembe na karatasi ya alfabeti. Lakini bila vitabu vile labda na sisi tusingejua mengi.

Mwaka 1933 moyo wake, ule wa mwili, ulianza kushindwa. Alikuwa Uganda kwa matibabu. Alipoona kama siku zake ni chache hakutaka kufia kwao, katika Buganda ya wazazi wake, palipo hospitali na rafiki wa zamani. Akaomba arudishwe Boga. Yeye aliyekwisha kuvuka Semliki kwa miguu mara nyingi sana, mara ya mwisho hii alivushwa akiwa mgonjwa.

Pale nyumbani, katikati ya walimu wake na watoto aliowalea, alitoa agizo juu ya kaburi. Desturi ya kwao ilitaka maiti alazwe kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, kwa pori, kwa sababu huko ndiko kazi ilikokuwa inakwenda na bado haijafika. Alikufa tarehe 30 Mei 1933. Walimzika Boga, sawasawa na alivyoagiza.

Baadaye, mwaka 1972, Boga ikawa kiti cha askofu wa kwanza wa Anglikana katika inchi yetu, na tangu 1992 kanisa lile ni jimbo lenye kujitegemea. Kila mwaka tarehe 30 Mei Waanglikana wanamkumbuka. Mwaka 2021 usiku wa siku ile ile wauaji waliingia Boga na Tchabi wakaua watu wengi, na wengi wakakimbia. Wamoja kati ya wanafunzi wenzetu ni watoto wa waliokimbia. Kati ya vitu walivyotusimulia, mmoja alisema walipokuwa wakitoka asubuhi, mwalimu wa kapela yao alitembea nyuma ya wote, akihesabu watu wake, na chini ya mkono alishika rejista ya wakatekumeni.